Mzee Tulia, Mlango Wako Tumeung'oa

Mwaka umetimia leo, mume wangu, tangu tulipokaa nje ya mlango wako tukisubiri utoke. Wengine huandika kwamba mpendwa wao alilala, au aliitwa, au alipumzika. Nimekaa na karatasi hii siku nne na maneno hayo yamekataa kuja. Hukulala. Ulianguka sakafuni, nasi tulikuwa upande wa pili wa ubao, hatua sita kutoka kwako, tukiitazama taa.

Mwanao aliniletea gazeti akanionyesha matangazo ya wenzetu. "Fuata tu hivi, Mama. Aya tatu, picha moja, basi." Nikamwambia, "Sikuishi na baba yako kwa aya tatu." Akacheka kidogo, akaenda zake. Ameshanizoea.

Picha iliyo hapo juu usitulaumu. Ni ya kitambulisho, ile uliyotoka umekunja uso kama mtu aliyekanyagwa kidole. Umepiga picha mji mzima, mbwa na paka, maharusi na marehemu, na yako mwenyewe ya maana hukuacha hata moja. Kila tulipokuomba usimame na sisi ulijibu, "Na kamera ataishika nani?" Haya basi, kitambulisho ndicho kilichokushika.

Mji ulikuita Mzee Tulia, maana ndilo neno lililokuwa mdomoni mwako toka asubuhi. "Tulia hapo, fundi." "Tulia, mama, usinitazame mimi, tazama viazi vyako." Ulipiga picha vitu ambavyo mtu mwingine havimpitii hata akilini: kamba ya nguo zilizoanuliwa nusu, kitasa cha mlango kilichong'aa kwa mikono ya watu, ngazi za soko zikiwa zimelowa, foleni ya madumu ya maji bila wenyewe. Uliweza kusimama katikati ya barabara ukautazama ukuta uliobanduka rangi huku magari yanakupigia honi. Wakikutukana, uliwainulia kidole kimoja kuwaomba wangoje. Nilikuwa naona aibu. Nilikuwa pia, nisiseme uongo, naona fahari kidogo. Na umeniharibia macho, maana siku hizi nami najikuta nimesimama barabarani natazama kuta.

Ulikuwa na roho nzuri kwa watu wa nje. Hilo halipingiki. Kila uliyempiga picha ulimpelekea nakala yake, hata kama ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Fundi viatu wa kona ya posta anayo yake ukutani mpaka leo, mikono tu na sindano. Mama anayeuza mitumba alikuwa hajawahi kujiona kwenye picha tangu azaliwe. Ulipompelekea, aliishika kwa mikono miwili akasahau wateja. Siku ya msiba wako huyo mama alilia kuliko dada yako. Nasema "watu wa nje" makusudi, na mbele utajua kwa nini.

Lakini mpenzi wako wa kweli lilikuwa kanisa la zamani, lile la mawe, lenye mnara wa kengele ulioinama kidogo upande na dirisha la duara juu ya mlango mkubwa. Ulilijua jiwe kwa jiwe. Ulijua kwamba saa kumi na dakika kumi jua linapita kwenye lile dirisha la duara na kuangukia benchi la nne, na kwamba siku ya mawingu mtu asijisumbue. Ulijua tao lipi lilijengwa na fundi makini na lipi lilijengwa na fundi mwenye haraka. "Huyu," uliniambia ukigusa jiwe, "huyu alikuwa anawahi kwenda nyumbani." Mtunza kanisa alikupa ufunguo bila kuuliza. Hatukwenda pale kusali mara nyingi kama tulivyokwenda kupiga picha, Mungu atusamehe.

Watu waliozisifu picha zako za ndani, wakasema nuru yake ni ya ajabu, hawakujua kwamba nuru ile ilikuwa mimi. Kanisa lile lina giza. Kamera unaiweka juu ya miguu mitatu, unafungua jicho lake na kuliacha wazi dakika nne, dakika tano, na mtu anapita na taa kumulika nguzo na matao, amevaa nguo nyeusi toka kichwani hadi miguuni. Anayetembea haonekani kwenye picha; filamu haiwahi kumshika. Anayesimama ndiye hushikwa. Basi dunia nzima uliiambia "tulia", na mimi peke yangu uliniambia "tembea". "Tembea, mama watoto, tembea, usisimame!" Miaka ishirini na sita nimetembea. Nimo katika kila picha ya ndani ya kanisa lile, na hakuna anayeweza kuniona hata kisigino.

Mara moja tu nilisimama. Nilikuwa na mimba ya kitindamimba wetu, mwezi wa nane, miguu imevimba. Nilipofika nguzo ya tatu nikaona kiza machoni, nikaegemea, taa mkononi, nikapumua. Ulifoka mpaka mtunza kanisa akachungulia. "Umeniharibia! Sasa nina zimwi kwenye picha!" Ukasema utaitupa. Nikasema itupe. Tukarudi nyumbani wewe mbele na mimi nyuma, na taa nimeibeba mimi.

Sasa niseme la jino, maana bila hilo hakuna atakayeelewa yaliyofuata.

Binti yetu wa kwanza alikuwa na miaka saba. Wiki ile wakuu wa kanisa walikuwa wameondoa madirisha ya vioo vya rangi, yaliyokuwa yamepasukapasuka, wakaweka vioo vyeupe na nondo. Wewe ulikuwa umewahi kuyapiga picha yote kumi na mawili siku moja kabla. Uko chumba chako cha giza hapo nyumbani, unakosafishia picha, filamu iko mikononi mwako bado haijasafishwa, na mtoto akasukuma mlango aje kukuonyesha kwamba jino lake limeng'oka. Mwanga ukaingia. Madirisha kumi na mawili yakaisha hapo hapo. Nakupa haki yako: lilikuwa pigo. Madirisha yale hayapo tena popote, hata kwenye karatasi, na siwezi kusema ulikasirika bure.

Hukumpiga. Afadhali ungempiga. Ulimnyamazia siku ishirini na tatu. Mtoto wa miaka saba anakuamkia asubuhi, wewe unatazama chai. Siku zile nilizihesabu mimi. Halafu ukafunga ile taa ndogo nyekundu juu ya mlango, upande wa nje, ukaandika kwenye ubao kwa rangi, herufi kubwa kama za bango la duka: TAA IKIWAKA USIFUNGUE. Ukatukusanya wote ukatuapisha.

"Hata nyumba ikiungua?" mwanao aliuliza. Alikuwa mdogo, alikuwa anauliza kweli.

"Hata nyumba ikiungua," ukasema.

Tukashika. Jamani, tulishika! Wageni walingoja. Vyakula vilipoa. Mama yako mzazi, Mungu amrehemu, alifika toka safari na mizigo yake akakaa ukumbini saa mbili nzima kwa sababu taa inawaka. Kitindamimba alijua kusema "taa" kabla hajajua kusema "baba". Ilipozimika, nyumba yote ilishusha pumzi.

Sasa la siku yenyewe. Naomba wanaosoma wasome polepole, maana nitalisema mara moja.

Ilikuwa Jumamosi. Ulikula, ukanawa, saa nane ukaingia, taa ikawaka. Saa tisa binti yetu akapita kutoka kazini, muuguzi na sare yake, saa yake ya kubana kifuani, ameleta ndizi. Tukakaa naye kwenye benchi pale pale ukumbini, sinia la mchele katikati yetu, tunachambua. Saa tisa na nusu hivi tukasikia kitu. Kishindo kimoja, halafu kama kitu kinaburutwa, halafu kimya.

Binti akasimama. "Mama, umesikia?"

"Kaangusha sinia lake la dawa," nikasema.

"Baba!" akaita. Kimya. Lakini wewe hukuwa mtu wa kuitika ukiwa mle, hata siku moja. Akafika mlangoni, akashika kitasa. Nilimwona. Mkono uko juu ya kitasa, macho ameyainua kwenye taa.

"Mwache," nikamwambia. "Unataka tununiwe mwezi mzima?"

"Lakini Mama, kile kishindo..."

"Nimesema mwache. Atatoka."

Akaondoa mkono. Ana miaka thelathini na minne, ameokoa watu ambao hata jina lake hawalijui, na akauondoa mkono ule kama mtoto wa miaka saba. Akarudi akakaa. Tukaendelea na mchele. Akawa anatazama taa, anatazama saa yake ya kifuani, anatazama tena taa. Nikamwambia aache kunitia wasiwasi.

Saa kumi na moja na robo kijana wetu akarudi kutoka kazini. "Mpaka saa hizi?" akauliza. Hakuuliza la pili. Aliusukuma mlango kwa bega, kwa nguvu zake zote, akaingia nao mzima mzima, kwa sababu haukuwa umefungwa. Hata komeo hukutia.

Daktari alisema ni mshipa wa kichwani. Akauliza ulianguka saa ngapi. Binti yetu akamjibu, saa tisa na nusu, kwa sauti ya kazini, kama anayetoa taarifa za mgonjwa wa mtu mwingine. Daktari akatazama saa ya ukutani, akamtazama yeye, akasema, "Mngemleta..." halafu akaacha. Wanafanya kazi pamoja. Nadhani alijua kwamba akiimaliza sentensi ile, hawatatazamana tena. Ulikata roho Jumapili asubuhi, kengele za kanisa lako zikiwa bado hazijapigwa.

Msibani dada yako hakuwa na simile. Alisimama katikati ya watu, mikono kiunoni. "Muuguzi mzima! Baba yake anakufa ndani, yeye yuko nje anachambua mchele!" Watu wote wakageuka. Binti yetu alikuwa amebeba sinia la vikombe. Angeweza kusema, "Mama alinikataza." Maneno mawili tu, na macho yote yangehamia kwangu. Hakuyasema. Akagawa chai, akaanza na shangazi yake.

Na mimi nilinyamaza. Nilijifunika mtandio wangu, mjane, mtu wa kuonewa huruma, nikamwacha mwanangu avuliwe nguo mbele ya watu. Mwaka mzima nimefunika kombe. Mwaka mzima ameacha kuingia nyumbani. Anafika getini, anamkabidhi kaka yake alichokileta, anaondoka. Kule kazini kuna mlango wa chumba cha upasuaji wenye taa nyekundu juu yake, na aliomba kuhamishwa wodi ili asiwe anaupita. Hayo niliyasikia kwa kaka yake. Mimi hakuniambia, nami sikuuliza, maana nilijua jibu lake lingenifikisha wapi.

Basi na nisikike hapa, gazetini, na wifi yangu asome kwa sauti: binti yangu alitaka kufungua. Mimi ndiye niliyesema mwache. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulilisikia la mkuu, na aliyevunjika ni mkuu mwenyewe.

Ningekomea hapo, ingetosha kwa upande wangu. Lakini kuna la upande wako.

Miezi miwili iliyopita niliamua kile chumba kisafishwe. Nilimwita rafiki yako, yule uliyembatiza Mpiga Pasipoti kwa kuwa maisha yake yote hajapiga picha ya mtu chini ya kifua, aje achukue vyombo vyako kabla havijaota kutu. Alikuja na maboksi yake. Akaingia, akavuta hewa puani, akasimama.

"Shemeji, mbona humu hamna harufu?"

"Harufu gani?"

"Ya dawa. Chumba cha giza kinanuka siki na mayai viza. Hiki kinanuka vumbi."

Akapitisha kidole kwenye sinia. Buibui alikuwa ameshafanya makazi. Akafungua chupa, chini kumebaki ukoko mweusi. Akafunua boksi la karatasi za picha, akaligeuza juu chini mbele yangu. Tupu.

"Shemeji, nikwambie ukweli? Huyu bwana alikuwa hajasafisha picha humu miaka mitatu mpaka anakufa. Alikuwa anatumia kamera ya kadi, isiyotaka filamu, ananiletea mimi, namtolea kwa mashine kama watu wengine. Nilidhani mnajua."

"Tujue nini? Kila mchana alikuwa humu! Taa inawaka!"

Mpiga Pasipoti akainamisha kichwa, akasogeza meza pembeni ili nione nyuma yake. Kiti cha kukunja. Mto wangu wa sebuleni, ule niliomsingizia mtoto wa jirani kwamba ameuiba. Chupa ya chai. Redio ndogo na waya wake wa masikioni.

Mume wangu. Hapakuwa na filamu. Hapakuwa na karatasi, hapakuwa na dawa, hapakuwa na kitu chochote mle cha kuharibiwa na mwanga. Mlango ule ungefunguliwa saa tisa na nusu, kitu pekee ambacho kingeharibika ni usingizi wako wa mchana. Nilimwondoa mwanangu kwenye kitasa kwa ajili ya mto na redio! Nilikaa sakafuni pale pale ulipoangukia nikakutukana, matusi ambayo mama yangu alinikanya nisiyatamke hata nikiwa peke yangu. Mpiga Pasipoti akatoka nje akajifanya anaongea na simu.

Nilipoinua macho nikaiona kamba yako ya kuanikia picha. Iko mbele ya kiti, usawa wa macho ya mtu aliyekaa, na juu yake kuna picha tano zimebanwa kwa vibanio vya nguo. Siku tuliyokubeba hakuna aliyeitazama kamba, na baada ya hapo chumba kilifungwa.

Hazikuwa picha zako nzuri. Nne ni zile zilizoharibika, ulizotuapia kwamba umezitupa. Fundi viatu kazini kwake, na kijana wetu akiwa mdogo anakatiza mbele yake, ndala moja mguuni. Ngazi za mnara wa kengele, na kitindamimba anapiga miayo mpaka kimio kinaonekana. Mlango mkubwa wa kanisa, na pembeni kiwiko changu na ufagio. Ya nne ni mimi. Nguzo ya tatu, taa mkononi, tumbo mbele, nimeonekana nusu, mistari ya mawe inapita ndani yangu. Nikaigeuza. Ulikuwa umeandika kwa penseli, kama ulivyoandika nyuma ya kila picha: Nguzo ya tatu. Amechoka.

Kwa hiyo uliona. Mbele ya mtunza kanisa nilikuwa zimwi, na huku nyuma, kwa penseli, nimechoka. Wewe bwana! Neno hilo moja ungelisema njiani tukirudi, ungeipokea ile taa hata kwa hatua kumi, nisingekulaumu kwa jambo lolote mpaka naingia kaburini. Ulikaa mle kila mchana ukitazama picha zetu, na sisi wenyewe tuko nje, wazima, na sauti zetu, tunakunywa chai kwa kunong'ona ili tusikusumbue.

Ya tano niliitia kwenye bahasha. Sikumtuma kaka yake. Nilikwenda mwenyewe hospitali, nikamngoja binti kwenye benchi la wagonjwa mpaka zamu yake ilipoisha. Nikamweleza yote: masinia makavu, mto, redio. Alisikiliza bila uso wake kubadilika. Nikamwambia, "Na nitawaambia watu kwamba ni mimi niliyekuzuia. Wote, gazetini."

"Mama, achana nayo. Yameshapita."

"Siachani nayo." Nikampa bahasha.

Ni yeye mwenyewe, ana miaka saba. Amekaa chini nje ya chumba chako, mgongo kwenye mlango, peke yake, mdomo wazi, ncha ya ulimi imetokeza kwenye pengo. Imepigwa kutoka nje, kupitia dirisha la ukumbini, hakukuona. Nyuma kuna tarehe, nami tarehe hiyo naijua, imo ndani ya zile siku ishirini na tatu. Chini yake neno moja: Jino.

Aliitazama muda mrefu. Kuna mgonjwa aliyeuliza njia ya maabara, akamwelekeza kwa mkono bila kuinua kichwa.

"Aliliona," akasema.

"Aliliona."

"Mimi nilijua hakuliona."

Na hapo ndipo alipolia. Tangu tukuzike hajatoa chozi, akalilia jino pale kwenye benchi, mpaka wagonjwa wakasogea kumpa pole muuguzi wao.

Usidhani nimeandika hivyo ili kukusafisha. Mtoto amengoja miaka ishirini na saba kuambiwa kwamba jino lake lilionekana, na aliyemwambia si wewe. Ulihitaji mlango, taa na maandishi ya rangi kutuficha kitu ambacho ungekisema ukiwa unafunga kamba za viatu. Mimi nilikuwa naogopa kununiwa, wewe sijui ulikuwa unaogopa nini. Hiyo ndiyo hasira yangu, na naona nitakuwa nayo muda mrefu, kwa hiyo tulia hapo hapo ulipo, tutaonana.

Juzi binti alikuja nyumbani. Aliingia getini, akapita ukumbini, akafika mlangoni pako. Taa imezimwa mwaka mzima, lakini akasimama. Nikaona mkono unakwenda kwenye kitasa, unarudi. Nilitaka kusema kitu, nikajiuma ulimi. Neno langu la mwisho mbele ya mlango ule linatosha. Akafungua. Akakaa mle peke yake, sijui amekaa kwenye kiti au amesimama. Alipotoka alimwita kaka yake.

"Una bisibisi?"

"Ya nini?"

"Lete."

Bawaba tatu, kazi ya robo saa. Waliubeba mlango wote wawili mpaka uani, wakaulaza juu ya matofali, maandishi yakitazama juu. Nikawaletea maji, na tukayanywa bila kunong'ona.

Leo mlango ule ndio meza yetu. Waliokufahamu wote karibuni nyumbani kuanzia saa nane: fundi viatu, mama wa mitumba, mtunza kanisa, Mpiga Pasipoti. Wifi yangu naye aje, nimemwekea kiti, na chai yake nitaimimina mimi. Vikombe vitapangwa juu ya USIFUNGUE. Zile picha tano zimehamia ukumbini, ziko ukutani juu ya benchi, kila mtu azione. Baadaye tutakwenda kanisani, tuwahi saa kumi na dakika kumi, benchi la nne, kama hakuna mawingu. Mimi nitasimama kwenye nguzo ya tatu kwa muda ninaotaka.

Unakumbukwa na mkeo, aliyesema mwache. Na binti yako muuguzi, aliyetaka kufungua. Na mwanao fundi umeme, aliyefungua. Na kitindamimba wako aliyeko mbali, ambaye amepiga simu mara mbili kuuliza kama ni kweli ile ya miayo uliitunza. Na dada yako, akipenda.

Hakuna siku tutakayokusahau. Katika nyumba hii sasa, mtu akisikia kishindo, anaingia.